Ukitaka kufika Mungomi wa Kolo, ondoka kabla ya adhana

Juzi dada mmoja msomaji ameniandikia: "Kaka, tuko wanane hapa ofisini, tunataka kwenda kuona michoro ya kale ya miambani kule Kolo, tupande na ule mlima wa Mungomi, turudi Dodoma siku hiyohiyo. Inawezekana?"

Inawezekana, dada. Nimefanya hivyo Jumamosi iliyopita na mapaja bado yanauma. Ila mwaka jana nilishindwa, tena mkuu wa msafara nikiwa mimi mwenyewe, kwa hiyo niache nianzie huko.

Kwa asiyepajua: kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni lami tupu, kama kilomita 160, kisha unaendelea na barabara ya Babati mpaka kijiji cha Kolo. Hapo kuna ofisi ya kupokea wageni wa michoro. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, kupanda kivyako hakuna. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, lakini wengi tunaifuata Mungomi kwa sababu iko juu na inatazama mbali. Toka ofisini hadi mlimani ni kama kilomita kumi. Wenye gari la juu huendesha hadi chini ya mlima wakapanda kipande cha mwisho tu. Mimi na ujuaji wangu nilisema tutatembea.

Basi mwaka jana tulipanga kukutana saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na moja nilikuwepo mimi na mlinzi wa kituo cha mafuta. Nampigia wa kwanza: "Niko njiani," huku nasikia maji ya bafuni yakimwagika. Tuliondoka saa mbili na nusu. Kondoa wakataka chipsi mayai. Kolo tukaingia saa sita, jua limesimama utosini.

Mwongozaji, mzee mmoja mpole, alipokea shikamoo zetu saba, akatutazama miguuni. Wawili walivaa ndala. Akauliza, "Maji yenu yako wapi?" Tukamwonyesha chupa nne za lita moja na nusu. Nne, watu saba! Na moja ilishafika nusu kwa sababu kuna mtu alinawia mikono baada ya chipsi.

Njia yote sisimulii. Kuna mahali unavuka korongo la mchanga, kila ukipiga hatua mchanga unakurudisha nyuma nusu yake. Hapo ndipo shemeji yangu alipokaa chini akasema anasikia baridi. Baridi, saa nane mchana! Mzee akamburuza kivulini, akalowesha kitambaa akamwekea shingoni, akampa maji yake mwenyewe, funda moja, akangoja, funda jingine. Tukageuza. Miamba ilikuwa inaonekana pale mbele.

Jioni kwenye kundi la WhatsApp mtu akarusha picha yangu nimeshika kiuno kama trafiki, imeandikwa "Mkuu wa Msafara". Jina hilo naitwa mpaka leo, hata vikaoni. Aliyekuwa bafuni saa kumi na moja hajapewa jina lolote. Nasema tu.

Safari hii tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu na jirani. Tulitoka saa kumi alfajiri. Kila mtu lita tatu za maji, mihogo ya kuchemsha, karanga, machungwa, raba zilizozoea mguu. Tukamkuta mzee yuleyule. Hakusema kitu, alinyanyua tu begi langu kidogo kupima uzito, akalirudisha, akatangulia.

Saa tano kasoro tulikuwa juu. Kipande cha mwisho ni kikali, mikono inafanya kazi kama miguu, halafu ghafla uko chini ya mwamba ulioinama kama baraza ya nyumba. Watu wembamba wekundu, warefu, vichwa vikubwa kama wamesuka nywele. Mzee alikuwa anatuonyesha kwa unyasi, bila kugusa. Nanyi msiguse, wala msimwagie maji ili rangi ing'ae mpige picha. Wenyeji bado wanafika huko kwa matambiko yao, kwa hiyo na muziki wa simu uzime.

Ukigeuka sasa. Upande wa mashariki ardhi inashuka, nyika ya Masai inakwenda mpaka macho yachoke. Huku karibu yanaonekana makorongo mekundu ambayo vichaka vimeanza kuyafunika. Mzee anakumbuka mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa Kondoa chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu udongo ulikuwa umekwisha. "Hapo palikuwa kidonda," alisema, akaendelea kumenya chungwa.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu ni huu: ondokeni mapema. Mapema ya kweli, kabla ya adhana. Maji lita tatu kwa kila kichwa, na kila mtu abebe yake, maana habari za "tutanunua mbele" ndizo zilizotufikisha korongoni. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Mvua ikishaanza Desemba yale makorongo yanaweza kujaa kwa saa moja. Wekeni saa ya kugeuza, sisi tuliweka saa sita, na ikifika mgeuze hata kama mwamba uko puani. Na mwondoke mapema, nimeshasema?

Halafu vijana wenzangu, hili la kusubiriana litatuua. Mtu akichelewa dakika kumi na tano, mwacheni. Hamjamchukia. Anayewakalisha watu sita stendi ndiye asiyewapenda, sema sisi tumelelewa kuona aibu kuondoka. Mimi aibu hiyo niliimaliza pale korongoni.

Picha za juu nilizirusha kwenye lile kundi Jumapili. Kimya, vidole gumba viwili. Jana usiku shemeji akanipigia: mbona hukuniita? Nikamwambia Agosti tunarudi, saa kumi kamili alfajiri, mlangoni kwake sishuki.

Akauliza, saa kumi na moja haiwezekani?