Fayaplesi ya sebuleni: niitoboe ionekane pande zote mbili?

SWALI: Habari fundi. Tumenunua nyumba ya zamani huku Isamilo, sebuleni ina fayaplesi ya matofali (meko ya ukutani ya kuotea moto) na chimni, yaani njia ya moshi, inayotokea juu ya bati. Tumeshavunja ukuta wa jiko na ule wa daining, sasa ni ukumbi mmoja na fayaplesi imebaki katikati kama nguzo. Mume wangu anataka tuitoboe kwa nyuma ili moto uonekane sebuleni na daining, tujenge mawe ya hapa Mwanza mpaka ndani, halafu tv ikae juu yake. Mdomo wake una upana wa sentimita 90 na kimo 75, tundu la chimni ni 25 kwa 25. Kingine, tangu tuvunje kuta, tukiwasha moto moshi unarudi ndani, na aliyetuuzia anasema zamani haikuwa hivyo.

JIBU: Dada, asante sana kwa kuleta vipimo, wengi wanatuma picha tu halafu wanataka jibu. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalobeba mengine yote.

Aliyewauzia hajawadanganya. Jikoni nadhani mmeweka feni ya kuvuta moshi. Ile feni inatupa hewa nje, na hewa ikitoka lazima nyingine iingie kuziba pengo, sasa madirisha ya aluminiamu yakifungwa vizuri hakuna upenyo, njia kubwa iliyobaki wazi ni hiyo chimni, basi hewa inashuka humo na moshi wako inaurudisha sebuleni. Zamani jiko lilikuwa na ukuta wake na mlango wake, sebule ilipumua peke yake.

Jaribu hivi leo jioni: funga madirisha yote, washa feni ya jikoni, kisha chukua kijiti cha udi ukishike pale koo la chimni linapoanzia, bila kuwasha kuni. Ule uzi wa moshi ukipanda juu uko salama, ukipinda kuja usoni kwako umepata jibu. Kisha fungua dirisha moja vidole viwili hivi uone kama utanyooka. Ukinyooka, dawa ni tundu la hewa la kudumu ukutani karibu na fayaplesi, lenye wavu wa kuzuia wadudu wa ziwani, na feni isiwashwe moto ukiwa unawaka.

Na tafadhali sana, moshi ukiwasumbua msihamie kwenye mkaa eti kwa sababu hautoi moshi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Hapo simwonei mtu haya kumwambia.

Haya, kutoboa nyuma. Piga hesabu na mimi. Mdomo wako ni 90 mara 75, sentimita za mraba 6,750. Tundu la chimni ni 625. Kanuni tunayotumia mafundi ni kwamba tundu lisipungue sana moja ya kumi ya mdomo, kwa hiyo aliyejenga alikuwa anajua kazi yake, yuko pale pale. Ukitoboa nyuma mdomo unakuwa 13,500 na tundu ni lile lile, unabaki na moja ya ishirini na kitu, moshi utajaa hata ukizima feni na kufungua madirisha yote. Ili ivute ungehitaji tundu kama 37 kwa 37, yaani kubomoa chimni yote na kuijenga upya. Ama upunguze midomo yote miwili ifike kama 60 kwa 52 kila upande, na hapo moto wenyewe unakuwa mdogo na ule uzuri mnaoutafuta unapotea.

Halafu kuna uzito. Chimni ya matofali ya mita tano hivi inaweza kufika tani mbili, na huo ukuta wa nyuma mnaotaka kuutoa umebeba sehemu ya mzigo huo. Niliwahi kuitwa nyumba moja Capri Point, fundi alishatoboa bila kuweka tegemeo wala linta mpya (boriti ya kubeba matofali juu ya uwazi), nikakuta ufa umepanda kwa ngazi ngazi tofali hadi tofali mpaka kwenye jipsamu, na watoto walikuwa wanachezea pale pale chini. Tulianza kwa kuwatoa watoto, ndipo tukaleta jeki. Mkishupalia kutoboa, aje injinia wa majengo kwanza, na kibali cha halmashauri kitafutwe.

Mawe ya Mwanza nayapenda sana na nje ya fayaplesi yatakaa vizuri mno, ila ndani ya moto hapana. Mawe hayo ni graniti, nayo ina kwatzi nyingi, madini ambayo yakipata moto mkali yanatanuka ghafla, na kama jiwe lina unyevu linaweza kupasuka na kurusha vipande. Ndani weka matofali ya moto na simenti yake maalumu, simenti ya kawaida inachoka ikiungua mara kwa mara. Sakafuni mbele ya mdomo acha angalau nusu mita ya jiwe au tailizi, zulia lisifike hapo.

Tv tafuteni ukuta mwingine. Nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na juu ya fayaplesi panavuka hapo bila shida.

Ningekuwa mimi ningeacha mdomo mmoja unaotazama sebule, nyuma upande wa daining nijenge mawe kuanzia chini hadi dari na kibaraza cha kukalia kizunguke kote, ile nguzo iwe kitu kimoja kinachounganisha ukumbi. Mtu anayekula ataona jiwe, anayekaa ataona moto, na jioni za mwezi wa sita na wa saba mtaifurahia.

Bado juu hatujapaangalia. Chimni inatakiwa ipite bati kwa sentimita 90 hivi, na kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu ikizidi kwa 60. Isamilo ni miamba, na usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kama nyuma ya nyumba kuna mwamba mrefu upepo unaweza kuushukia na kusukuma moshi chini. Panda na fundi wako mchana, angalieni pia kama kuna kofia au popo wameshahamia, kisha niandikie kimo cha chimni juu ya bati, umbali wa mwamba, na ule uzi wa udi ulielekea wapi.