Tabia shuleni: maswali yenu ya wiki hii, na daftari la monita wangu

Wiki hii meseji zimekuja nyingi kweli na karibu zote zinauliza kitu kimoja, shule zifundisheje tabia. Nimechukua sita, mliouliza yanayofanana mnisamehe. Na kabla hamjaniita mtaalamu, mi ni mwalimu tu wa sekondari, chaki mkononi na deni dukani kwa Mangi kama nyie.

Mwalimu, hizi "nguvu za tabia" tunazoambiwa kwenye semina ndo nini? Si maadili yale yale? (Mwalimu, Singida)

Ni ndugu ila sio mapacha. Maadili tumezoea kuyafundisha kwa makatazo, usiibe, usichelewe, usijibizane na wakubwa. Hawa wenzetu wa nguvu za tabia wanaanzia upande mwingine, wanauliza huyu mtoto tayari ana kitu gani kizuri. Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kinene chenye orodha ya nguvu 24 kwenye mafungu 6, humo kuna ujasiri, udadisi, huruma, shukrani, kusamehe, kujizuia, mpaka ucheshi. Wanasema kila mtu anazo kwa kiasi fulani ila kuna chache ndo zimemkaa mwilini. Sasa orodha ya watu usiibebe kama msahafu, bibi yangu hakuisoma na alijua vizuri ni mjukuu yupi wa kutumwa dukani na chenji ikarudi kamili. Ila ucheshi kuingia humo nimeupenda, maana kwetu mtoto mcheshi darasani jina lake ni mkorofi.

Na orodha kwa kweli hatujakosa. Tanzania mtaala ulioanza 2024 una somo zima la Historia ya Tanzania na Maadili, Kenya nao mtaala wao wa umahiri, CBC, umetaja maadili yake 8, upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Shida yetu ni jumatatu saa mbili asubuhi unaifanyia nini hiyo orodha.

Darasa langu lina watoto 94. Hayo mambo ya kumjua mtoto mmoja mmoja nitayafanyaje mimi? (Mwalimu wa msingi, Geita)

Pole, na hutawajua wote, tusidanganyane. Nikwambie nilichofanya mimi kwenye Kidato cha Kwanza, wako 70 na kitu. Unajua lile daftari la monita la wapiga kelele, majina na alama za X mbele yake, mwingine ana X saba na kipindi hakijaisha. Nikamwambia monita ageuze daftari aanzie nyuma, kule aandike aliyefanya kitu kizuri, na sharti ni moja, asiandike "mzuri" wala "ana heshima", aandike amefanya nini.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho, kaandika marafiki zake wote, mbele ya kila jina "ametulia". Nikamwambia kutulia sio kitu, hata meza imetulia. Wiki ya tatu nikafungua nikakuta hivi: "Kampa mwenzake kalamu yeye akaandika kwa penseli". Chini yake: "Aliniambia nimekosea kumwandika mtu ambaye hajapiga kelele, nikafuta". Nilikaa kwenye benchi la nje la ofisi nikasoma ile ya pili mara mbili, maana kumwambia monita amekosea mbele ya darasa zima sio jambo dogo, na monita mwenyewe kakubali na kaliandika kwa mkono wake.

Ijumaa kipindi cha mwisho nasoma tatu tu, sio zaidi, natamka jina, kitendo, na jina la hiyo tabia. Kalamu, nikasema huu ni ukarimu, na ukarimu wenye gharama maana penseli mwalimu wa hesabu haitaki. Yule wa pili nikasema hii ni haki na ujasiri kwa pamoja. Huyo wa pili ndo yule wa X saba, akaniomba nirudie eti hakusikia vizuri. Alisikia.

Angalia tu unasifu nini. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio ya watoto wa miaka kama kumi Marekani, wengine wakaambiwa "una akili", wengine "umejitahidi", afu wote wakapewa maswali magumu wakafeli. Walioambiwa wana akili wakakata tamaa mapema, na walipotakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 waliongeza alama za uongo. Kwahiyo "wewe genius wangu" tunayowarushia watoto tunaona tunawajenga, kumbe mtoto anaanza kulilinda hilo jina kwa gharama yoyote.

Ripoti ya mwanangu imekuja "uaminifu C". Nimelia mwalimu, kaiba nini? (Mama, Kibaha)

Futa machozi mama, inawezekana hajaiba kitu. Ngoja nitoe siri ya ukoo, ile sehemu ya tabia kwenye ripoti, bidii, usafi, utii, ushirikiano, wengi wetu tunaijaza usiku wa mwisho kabla ya kufunga shule, B, B, C, B, kama mtu anapanda mahindi. Nenda kamuulize mwalimu wa darasa swali moja tu kwa upole, "Mwalimu, ni tukio gani?" Akiwa na tukio mtaongea la maana, akikosa, hiyo C ni ya uchovu.

Hata waliotutangulia kwenye haya wamejikwaa hapo hapo. Shule za mtandao wa KIPP huko New York, Marekani, zilitengeneza kadi ya kupima tabia 7 za mwanafunzi, na Angela Duckworth, yule mtafiti wa ung'ang'anizi, alikuwa kati ya waliosaidia. Mwaka 2015 yeye na mtafiti mwenzake David Yeager wakaandika kwamba vipimo vya namna hii havijafikia kutumika kuzihukumu shule. Sababu moja ni rahisi kuielewa, mtoto anayesoma shule yenye nidhamu kali anajilinganisha na wenzake wakali anajipa alama ndogo, wa shule ya ovyo anajiona malaika.

Wanafunzi wangu wanadesa mitihani kama hawana akili nzuri. Vipindi vya maadili tumefundisha mpaka tumechoka. (Mwalimu wa taaluma, Mombasa)

Miaka ya 1920 watafiti Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima maelfu ya watoto wa Marekani, wakawategea mitihani, michezo, pesa, waone nani atadanganya wapi. Wakakuta watoto hawagawanyiki waaminifu huku wezi kule, wengi wanadanganya mahali fulani na mahali pengine hawadanganyi, inategemea na mazingira.

Kwahiyo mi ningeacha kwanza mahubiri niangalie mazingira. Madawati yamebanana watatu watatu? Mtihani ni ule ule wa mwaka juzi? Aliyepata 28 anasomwa mstarini kwa sauti wenzake wanacheka? Hicho cha mwisho peke yake kinazalisha desa kuliko shetani. Jaribu jaribio moja la wiki ambalo anayekosa anarudishiwa karatasi, anasahihisha mwenyewe, anaandika mstari mmoja alikosea wapi, na anapata nusu ya alama alizopoteza. Kazi ya kusahihisha inaongezeka ndio, najua. Ila mtoto anapata sababu ya kusema "hapa sijui", na uaminifu wa shuleni unaanzia kwenye hayo maneno mawili.

Nafundisha chekechea. Nimeona video za watoto wanawekewa pipi wasubiri bila kuila ili wapate ya pili, eti anayesubiri ndo atafanikiwa maishani. Niwajaribu wangu? (Zanzibar)

Usihangaike dada. Hilo ni jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mwaka 2018 watafiti wengine walilirudia kwa watoto zaidi ya 900, ule uhusiano na mafanikio ukawa mdogo, na walipoweka hali ya nyumbani kwenye hesabu ukapungua zaidi. Kinachonifurahisha mi ni kingine. Watafiti walienda kwa Wanso, wakulima wa Kamerun, wakawawekea watoto wa miaka minne puff-puff, yani andazi lao la mviringo, dakika 10, na karibu asilimia 70 wakasubiri, wengine wakasinzia kabisa kwenye kiti. Watoto wa Ujerumani waliosubiri walikuwa kama asilimia 30. Mtoto wa Kinso hakuhudhuria somo la subira, kakulia kwenye nyumba ambayo unasubiri zamu yako na zamu inafika kweli. Hilo la mwisho ndo la kubeba, ukiahidi hadithi baada ya kufagia basi hadithi iwepo.

Mkuu wetu anasema wanafunzi hawana uvumilivu, saa nane mchana wote wanasinzia (shule haina chakula, na wengine wanatembea kilometa nne), anataka tuanzishe klabu ya uvumilivu. Unashauri nini? (Mwalimu, Dodoma)

Wamekula nini tangu asubuhi? Maana unavyoeleza hiyo shule haina uji wala makande, mtoto katembea kilometa nne kuja na bado anazo nne za kurudi, huyo uvumilivu anao kuliko mimi na mkuu wako. Itisheni kikao cha wazazi muongelee debe la mahindi kwa kila kaya, klabu itakuja baadae. Mkuu akikataa, mwombe kwa heshima ashinde darasani siku moja mpaka saa tisa bila ile chai yake ya saa nne.