Simu ya "tunazama" ikikatika: mahali kwanza
Ndugu unayepokea simu za dharura, mpigaji aliye ziwani akisema "tunazama", muulize mahali kabla ya jina, maana simu inaweza kukatika wakati wowote. Walitoka mwalo gani, wanaelekea wapi, wamesafiri dakika ngapi, wanaona kisiwa gani? Kisha idadi ya watu na jaketi okozi. Akiwa na simu janja, abonyeze na kushikilia kitone cha buluu kwenye ramani, akusomee namba mbili za mahali alipo (latitudo na longitudo), nawe umrudishie tarakimu moja moja. Karibu na Mwanza utasikia takriban -2.5, 32.9. Hapo ndipo wengi hukosea: ukiacha alama ya kutoa, ramani inakupeleka nchi kavu, kaskazini mwa Uganda, na waokoaji wanapoteza dakika za thamani. Chaji ikiwa ndogo, atume namba hizo kwa meseji kwanza.