Maswali yenu: handaki la maji chini ya mto Hudson

Tangu niandike kuhusu handaki jipya la kupitisha maji ya jiji la New York chini ya mto Hudson, maswali hayajakoma. Najibu machache.

Kwa nini wasilaze bomba sakafuni mwa mto? (Mwanza)

Nanga za meli na tope linalohama vingeliharibu. Nilishaeleza, tafadhali someni kwanza.

Mita 180 chini ya mto si kutupa fedha? (Nakuru)

Fedha hutupwa na anayechimba asichokijua. Bonde la Hudson lilichongwa na barafu, likajaa tope na mawe, mwamba imara ukabaki chini kabisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wahandisi wa mfereji wa Catskill, mmoja wa mifereji inayopeleka maji New York, walitoboa kutoka juu ya mto kuutafuta, wakapita mita 200 bila kuugusa. Wakachimba mashimo ya wima kwenye kingo zote mbili, na humo wakatoboa kimshazari kuelekea katikati mpaka wakapata itale imara. Handaki lao likapita zaidi ya mita 330 chini ya usawa wa bahari.

Mfereji mwingine wa jiji hilo, wa Delaware, ulioanza kujengwa 1939, ulikatiza mwamba wa chokaa wenye nyufa huko Roseton, ukingoni mwa Hudson, na Wawarsing, mbali na mto. Ukavuja kwa miongo, hadi lita milioni 130 kwa siku, na Wawarsing maji yakaingia kwenye nyumba za watu. Kukwepa uvujaji wa Roseton peke yake kumehitaji handaki jipya la kilomita 4, ndilo hilo la mita 180 chini ya mto, lenye mabomba ya chuma na zege, katika mradi wa zaidi ya dola bilioni moja. Anayeita upimaji wa mwamba anasa na aitazame bei hiyo.

Mashine kubwa ya kuchimba handaki huingiaje shimoni? (Dodoma)

Hushushwa vipandevipande kwa kreni, ikaunganishwa chini. Ya Hudson, iliyopewa jina la mhandisi Nora Stanton Blatch Barney, ilianzia Newburgh, upande wa magharibi wa mto, kwenye shimo la karibu mita 260, ikafika Wappinger, ng'ambo, 2019.

Ng'ambo maji hupandishwa kwa pampu? (Mombasa)

Hapana. Chanzo kiko juu zaidi, shinikizo linatosha.

Mkandarasi wetu anasema matundu mawili ya sampuli za mwamba, moja kila ukingo, yanatosha kwa bomba la kuvuka mto. (Morogoro)

Hayatoshi! Ukingo haukuambii kilichoko katikati. Daini sampuli za njia nzima, myaone masanduku ya mawe yaliyotolewa humo kwa macho yenu, pamoja na vipimo vya maji yanayopenya kwenye nyufa. Jambo ambalo hukuuliza: mtu asishuke shimoni kabla hewa haijapimwa, hata liwe la mita tano. Anayekimbilia kumwokoa mwenzake naye huangukia humohumo. Mkandarasi asiye na kipima hewa, simamisheni kazi yake leo.