Ganda, kiasi au risasi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Tabora mjini. Babu yetu alikuwa na bunduki ya kuwindia yenye kibali. Amefariki, na tulipokuwa tunaandika orodha ya mali tukakuta risasi kuukuu 15 za kutoka Ulaya, hazijapigwa. Mimi niliandika "maganda 15". Baba mkubwa akakataa, akasema hivyo ni "viasi". Shangazi anataka tuandike "risasi za mtumba". Kitakoni zina alama nne: P, S67, 9 na 17. Mdogo wangu anasema ni za mwaka 1967. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba.

Tuanze na ganda lako, maana ndilo lililokosewa zaidi. Wewe ni mtu wa Tabora, karanga unazijua. Ukiletewa gunia la karanga ambazo hazijamenywa, husemi umeletewa maganda, utamgombeza aliyeleta. Maganda ni yale yanayobaki chini ya mkeka baada ya watu kula. Na hapa ni hivyo hivyo: ganda la risasi ni kile kikopo cha shaba kikishatemwa na bunduki. Kikiwa bado kimebeba vitu vyake hakiitwi ganda, hata kama ganda limo.

Vitu vyenyewe ni vipi? Kuna baruti ndani. Kuna fataki, kile kidoa cha duara katikati ya kitako kinachogongwa na pini ndipo baruti ishike moto. (Neno hili siku hizi limevamiwa. Ukiandika "babu ameacha fataki 15" vijana watacheka, kwa kuwa kwao fataki ni mzee anayewanyemelea mabinti wa shule.) Halafu kuna ile ncha inayoruka kwenda kwa mnyama, na kwa asili hiyo peke yake ndiyo risasi. Neno limetoka Kiarabu, na maana yake ni ile metali nzito laini ambayo mpaka leo kwenye kemia tunaiita risasi. Ncha ikaitwa kwa jina la metali yake, kisha jina likapanda likakifunika kitu kizima. Hata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatumia neno hilo kwa maana pana. Kwa hiyo kusema "risasi 15" si kosa.

Baba mkubwa naye ana haki yake, tena kubwa. Kiasi ni kipimo. Enzi za magobole mtu alipima baruti ya mlio mmoja, akaimimina mtutuni, akashindilia. Kipimo hicho kilipokuja kufungwa tayari pamoja na risasi yake, jina la kiasi likakifuata, na kamusi za zamani zinalo: kiasi cha bunduki. Mimi nalipenda neno hili kuliko risasi, kwa sababu linataja kitu kizima bila kukopa jina la ncha. Lakini ukimpelekea karani wa leo "viasi 15", atakuuliza viasi vya nini.

Mtumba wa shangazi hapana. Mtumba ni kitu kilichokwisha tumiwa na mwingine. Risasi haitumiwi mara mbili! Zilizobaki ghalani vita vikiisha, zikauzwa nje, ziite masalio ya vita.

Sasa alama. Hiyo 67 si mwaka. Wajerumani wa Vita vya Kwanza waliigonga kitakoni kuonyesha mchanganyiko wa ganda: shaba nyekundu asilimia 67, iliyobaki zinki. P ni kiwanda cha Polte, Magdeburg. Tisa ni mwezi, na 17 ndiyo mwaka wenyewe, yaani Septemba 1917. Na hapa neno masalio linapata ushahidi: Wabelgiji waliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, kwa hiyo hizi hazikuachwa na askari wa Mjerumani mjini kwenu. Zilikuja baadaye, kama bidhaa. Ukisogeza sumaku kwenye ncha na ikanata, usidhani ni bandia. Wajerumani waliivika risasi gamba la chuma.

Msijaribu kuzipiga wala kuzifungua. Fataki ya miaka zaidi ya 100 inaweza kugoma, inaweza kuchelewa, na ikilipuka inaacha chumvi inayovuta unyevu na kuula mtutu. Toeni taarifa polisi pamoja na kibali cha marehemu, nao ndio wa kuzichukua.

Kwenye orodha andika hivi: "Risasi nzima 15 za bunduki, za Kijerumani, za mwaka 1917, masalio ya vita, hazijapigwa." Pembeni, kwa kalamu ya baba mkubwa, ongezeni neno "viasi".