Tollo, kitenzi kilichonitoa jasho

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma Kilatini aliniandikia: "Kaka, hii tollo ni kuinua au kuondoa? Kamusi inanichanganya." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Kidonda changu hicho.

Nikiwa seminarini tulipewa kwenye mtihani maneno ya Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, kuhusu Octavianus, kijana aliyekuwa anapanda chati kwenye siasa za Roma mwaka 43 K.K.: laudandum, ornandum, tollendum. Kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika: "asifiwe, apambwe kwa heshima, ainuliwe." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, huku akijifanya anamnyanyua mtoto mchanga. Wenzangu walicheka hadi kengele ikalia. Mpaka leo yuko mmoja anayeniita Ainuliwe.

Nusu nilikuwa sahihi! Tollendum ni ainuliwe, na ni aondolewe pia. Cicero aliyataka yote mawili kwa mpigo. Utani ukamfikia Octavianus, naye hakuufurahia. Desemba mwaka uleule Cicero akauawa, jina lake likiwa kwenye orodha ya watu wa kuuawa ambayo Octavianus mwenyewe aliridhia pamoja na Antonius na Lepidus, wenzake katika utawala.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Acha kukariri orodha ya kamusi, tazama kitu kinachoshikwa na kinakwenda wapi. Katika Biblia ya Kilatini, Yohana 5:8, mgonjwa anaambiwa tolle grabatum tuum, ajitwike godoro lake aende. Katika 19:15 umati unapiga kelele kuhusu Yesu, tolle, tolle, na hapo hakuna wa kutwikwa chochote: mwondoshe! Mtakatifu Augustino naye, bustanini Milano mwaka 386, alisikia sauti ya mtoto ikisema tolle, lege: chukua, usome.

Mbona "toa" haikusumbui? Toa sadaka, toa takataka, kumi toa tatu. Nani aliwahi kukutuma kwenye kamusi? Ninyi vijana mnataka jibu la neno moja, lugha haiendi hivyo. Tazama kinachoshikwa, narudia. Na ukikutana na sustuli au sublatum, ni tollo hiyohiyo katika maumbo yake mengine. Mimi nilimaliza jioni nzima kwenye herufi S.

Kinachoniuma hasa si kile kicheko. Tangu nikiwa mtumishi altareni nilikuwa naimba Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), qui tollis peccata mundi, na kwa Kiswahili tunasema "uondoaye dhambi za dunia". Nimeiimba miaka yote hiyo, kisha naingia chumba cha mtihani naandika ainuliwe.