Uzito unashukia wapi? Kwa wadogo zangu wanaoanza uashi hapa Goma

Wadogo zangu, mimi nilianza kazi hii kwa kubeba mawe. Miaka miwili ya kwanza sikushika mwiko. Nilitoa makoro, yale mawe mepesi ya lava, kwenye rundo la barabarani nikayafikisha kwa fundi, nikachanganya mchanga na simenti, nikachota maji. Siku moja mzee aliyenifundisha aliniketisha mbele ya ukuta tuliokuwa tumeumaliza, akaniuliza: "Uzito wa ukuta huu unashukia wapi?"

Nikamjibu: "Chini, mzee."

"Chini wapi?"

Nikanyamaza. Akanionyesha kwa kidole: bati limeegemea mbao, mbao imeegemea ukuta, na pale juu ya dirisha uzito umegawanyika, nusu kulia nusu kushoto, hadi kwenye msingi. Akasema fundi asiyeweza kuufuata uzito kwa kidole namna hiyo, toka bati hadi udongo, huyo anapanga mawe tu, hajengi.

Swali hilo ndilo ninalowaachia leo. Nimelitumia pia kuyasoma majengo ambayo dunia nzima inayasifu. Nilipopata simu yenye intaneti nilianza kuyatafuta usiku, baada ya kazi: mapiramidi, mahekalu, minara. Wengi huyatazama kwa uzuri wake, na kweli ni mazuri. Ninyi yatazameni kama mafundi, kwa sababu yalijengwa na watu waliobeba, waliokosea, waliobomoa na kuanza upya. Na pale walipokosea ndipo nilipojifunza zaidi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka Januari 2002, tulijenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja ambacho lava ilikuwa imekipita. Mnajua ardhi yetu ilivyo. Juu unaona jiwe jeusi gumu, unapiga mtaimbo unalia kama kengele, unafikiri umefika. Kumbe hatua tatu pembeni, lile jiwe ni ganda tu, chini yake kuna uwazi, au makoro yaliyolegea, au majivu. Sisi tulipata mwamba upande wa barabara tukafurahi, tukaona tumeokoa siku mbili za kuchimba. Upande wa nyuma tulijaza mawe na kifusi, tukasawazisha, tukaendelea. Mvua za msimu wa kwanza hazijaisha, ufa ulitokea kwenye kona ya dirisha la nyuma ukapanda hadi kwenye bati. Kidole changu kilipita. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeweka akiba kwa miaka mingi, na alivyonitazama asubuhi ile sijasahau. Tulibomoa upande wote ule, tukajenga tena kwa gharama yetu.

Kosa hilohilo ndilo liliufanya Mnara wa Pisa, kule Italia, ujulikane duniani. Waliuanza mwaka 1173. Msingi wake una kina cha mita 3 tu hivi, kwenye udongo laini wenye mfinyanzi na mchanga, na ulaini wenyewe haukuwa sawa pande zote. Walipofika ghorofa ya tatu, mnara ulishaanza kuzama upande mmoja. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka 100, na wahandisi wa leo wanasema kusimama huko ndiko kulikouokoa: udongo ulipata muda wa kushindiliwa na uzito uliokwisha kuwapo. Wangeendelea moja kwa moja, ungeanguka. Kazi ilirudi 1272, na mnara ukaisha karibu 1372. Mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu ya kuanguka. Na tazameni walivyouponya: hawakuusukuma mnara wenyewe, walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa juu, mpaka mnara ukajirudisha kwa zaidi ya sentimeta 40. Ulifunguliwa tena 2001. Ugonjwa ulikuwa ardhini, na dawa ikatiwa ardhini.

Kwa hiyo kabla hujafunga kamba ya kwanza, piga mtaimbo kila hatua moja kuzunguka kiwanja chote na usikilize. Mlio ukibadilika, chimba hapo. Ukikuta uwazi, vunja lile ganda ushuke hadi chini yake. Mwamba upande mmoja na kifusi upande mwingine ni hatari kuliko udongo wa kawaida pande zote. Mwenye nyumba atakwambia unampotezea pesa. Mwambie kwa heshima, mpeleke aone shimo mwenyewe, mpe mtaimbo apige. Mara nyingi ataelewa.

Sasa piramidi. Katika yale maajabu saba ya kale, ni Piramidi Kuu ya Giza peke yake iliyobaki imesimama. Sanamu kubwa ya Rodi ilivunjika magotini kwa tetemeko la ardhi baada ya kusimama miaka isiyofika 60, na mnara wa taa wa Aleksandria nao uliangushwa na matetemeko. Kwa nini piramidi haikuanguka? Nenda pale lori la makoro linapomwaga mzigo uangalie lile rundo. Limekaa pana chini na jembamba juu, na hakuna aliyelipanga. Uzito wenyewe ndio umejitafutia mahali pa kupumzika.

Lakini hata umbo hilo Wamisri hawakulipata siku moja. Farao Sneferu alianza piramidi huko Dahshur kwa mteremko mkali, nyuzi 54 hivi. Ardhi ya pale ilikuwa changarawe na mfinyanzi. Jengo likaanza kupasuka. Katikati ya kazi mafundi wakapunguza mteremko hadi nyuzi 43, na ndiyo maana mpaka leo piramidi ile inaonekana imekunjwa kiunoni. Inayofuata waliijenga kwa nyuzi 43 tangu chini. Kisha mwanawe, Khufu, akarudia mteremko mkali, karibu nyuzi 52, na jengo likafika mita 146, mawe kama milioni 2.3, nalo limesimama zaidi ya miaka 4,500. Khufu alijenga juu ya mwamba. Kila upande wa kitako una mita 230, na kutoka kona hadi kona tofauti ya kimo ni kama sentimeta 2 tu. Nikikuta fundi mpya anasema nivo, yaani usawa, imekosea kidogo tu, si kitu, huwa namtajia sentimeta hizo.

Jengo ninalolipenda kuliko yote, ambalo natamani kila kijana wa Goma alijue, ni Pantheon ya Roma. Lilimalizika karibu mwaka 126, wakati wa mfalme Hadrian. Juu yake kuna kuba la zege lenye upana wa mita 43, na ndani ya zege hilo hamna vyuma. Karibu miaka 1,900 imepita, na bado hakuna kuba lingine la zege lisilo na vyuma lililolizidi upana.

Waroma waliishi na volkano kama sisi. Majivu ya volkano waliyochimba karibu na Napoli, walipoyachanganya na chokaa, yalifanya zege linaloshika hata ndani ya maji ya bahari. Lakini kilichonishangaza zaidi ni jinsi walivyochagua mawe. Chini, kwenye msingi na kuta, walitia jiwe zito. Walivyopanda, wakatia jiwe jepesi zaidi na vipande vya matofali. Kule juu kabisa, karibu na tundu, walitumia jiwe la volkano lenye vitundu vingi, jepesi kama mkaa. Unene nao ulipungua: mita 6 chini ya kuba, mita 1.2 tu pale juu. Upande wa ndani wakachonga vishimo vya mraba, safu 5 za vishimo 28 kila moja, ili kupunguza mzigo. Na pale katikati, mahali ambapo mtu yeyote angefikiri pafungwe kwa nguvu, wakaacha tundu la mita 8 na zaidi. Pale juu hamna uzito wa kushuka, kwa sababu hawakuuweka.

Nilipoelewa hilo nilitoka nje nikalitazama rundo la mawe yetu kwa macho mengine. Tunayo yote mawili hapa! Tunalo jiwe la lava zito, lisilo na vitundu, na tunayo makoro mepesi ambayo mtoto anabeba. Miaka mingi nilikuwa nachanganya tu, jiwe linalokuja mkononi ndilo ninaloweka. Siku hizi nachambua rundo kabla ya kuanza: zito linakwenda msingini na kwenye kona, jepesi linapanda juu. Hakuna gharama hata moja inayoongezeka, ni saa mbili za asubuhi tu.

Hapo niwaonye mambo mawili. La kwanza, makoro yana kiu. Ukiliweka kavu, litanyonya maji ya chokaa au simenti yako kabla haijashika, na baada ya mwezi utaweza kukwangua kiungo kwa ukucha. Lowesha mawe kwanza. La pili, msidanganyike kwamba mchanga mweusi wa volkano unaweza kuchukua nafasi ya simenti kwa kuwa Waroma walitumia majivu. Wao walikuwa na chokaa, walikuwa na kipimo, na kuta zao zilikuwa na unene wa mita 6. Kupunguza simenti kwenye ukuta wa sentimeta 30 ni kumwibia mwenye nyumba.

Kuba lina tabia nyingine ambayo nataka muikumbuke mkikutana na tao la mlango wa kanisa au la geti: halishuki tu, linasukuma kwenda nje. Mafundi wa Hagia Sophia, kule Istanbul, waliijenga kwa haraka ya ajabu, kuanzia 532 hadi 537, na kuba la kwanza lilikuwa bapa. Matetemeko yakaja, na mwaka 558 likaanguka. Lililofuata liliinuliwa mita 6 hivi zaidi, kwa sababu tao lililoinuka husukuma pembeni kidogo kuliko lililolala. Mteja akikuomba tao bapa kwa ajili ya urembo, mwambie hivyo.

Kuhusu matetemeko, hapa hamhitaji kusimuliwa. Baada ya volkano kulipuka tena Mei 22, 2021, ardhi yetu ilitikisika siku kadhaa mfululizo, barabara zikapasuka, tukakimbia wengine Sake, wengine ng'ambo ya mpaka. Niliporudi nilizunguka mitaa nikiangalia nyumba zilizopasuka na zisizopasuka. Ukuta ulioanguka mara nyingi ulikuwa na safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, katikati kifusi, na hamna jiwe linalozishikanisha. Kila safu ilikwenda njia yake.

Cusco, nchini Peru, kulitokea jambo kama hilo mwaka 1950. Tetemeko lilibomoa sehemu kubwa ya nyumba ya watawa ya Santo Domingo, iliyojengwa na Wahispania, na chini yake zikaonekana kuta za Wainka zimesimama. Mawe yale hayana simenti. Yamechongwa yakakaana, ukuta umelala kidogo kwa ndani, na milango ni mipana chini na myembamba juu. Karibu yetu zaidi kuna Zimbabwe Kuu: ukuta wa nje wa ule uzio mkubwa unafika mita 11, unene wake chini ni mita 5 hivi, mawe ya matale yamepangwa makavu tangu zaidi ya miaka 600 iliyopita. Nao unapungua unavyopanda. Mababu waliofanya kazi hiyo hawakuwa na simenti ya kuficha uvivu, kila jiwe ililazimu likae lenyewe.

Ninawafundisha hivi: panga kwanza safu nzima bila simenti. Jiwe likicheza, ligeuze au litafutie jingine. Usiruhusu kiungo kisimame juu ya kiungo. Kila mita moja tia jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta, likamate nje na ndani. Ndipo utie simenti. Na juu ya madirisha pitisha mkanda wa zege wenye vyuma kuzunguka nyumba yote bila kuukata, hata mwenye nyumba akisema ukuta mmoja si lazima.

Makanisa 11 ya Lalibela, Ethiopia, nayataja kwa kifupi, ingawa ningeweza kukaa nayo usiku mzima. Yamechongwa kutoka juu kwenda chini ndani ya jiwe la volkano. Fundi aliyekosea pale hakuwa na nafasi ya kurudisha alichokata. Nikianza kuchonga jiwe la kona huwa nawafikiria.

Kazi yenu ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja achague nyumba moja ya mawe katika mtaa wake, Katindo, Ndosho, popote alipo, asimame mbele yake na daftari. Achore bati, mbao, kuta, dirisha, msingi. Kisha achore mishale toka juu hadi ardhini. Mahali mshale unapokwama, hujui uende wapi, weka alama. Jumatatu mje na michoro yenu saa kumi na mbili na nusu, kabla hatujaanza kuchanganya simenti, na mtaimbo nitauleta mimi.